Mfuta Mate wa Mtakatifu Rocco

Kama hujasimama mbele ya midomo ya mji mzima, inakuja mmoja baada ya mwingine, imechongoka kama ya bata anayetafuta maji, usiniambie unajua kinyaa. Wewe unajua kuchukizwa tu. Kinyaa chenyewe alikuwa nacho Rocco Lapenna, kinyozi wa Pietrafosca, na alikipata kwa kurithi, kama wenzake wanavyorithi shamba la mizabibu.

Huko Pietrafosca, juu ya milima ya Basilicata, kila tarehe kumi na sita ya Agosti Mtakatifu Rocco huteremshwa kutoka kwenye kabati lake la kioo na kuwekwa chini kanisani, usawa wa watu. Ni sanamu ya mti: kijana mwenye ndevu, kofia ya msafiri kichwani, fimbo mkononi, na mbwa miguuni aliyebeba mkate mdomoni. Kijana huyo amepandisha vazi lake mpaka pajani, bila haya, anatuonyesha donda. Fundi aliyelichonga alikuwa na roho ngumu. Jekundu katikati, njano pembezoni, na tone moja linateremka polepole kuelekea goti na halifiki kamwe. Mtakatifu huyu aliwauguza watu wa tauni mpaka tauni ikamrukia na yeye, akajificha msituni, mbwa akawa anamletea mkate na kumlamba donda. Hadithi nzuri, sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba watu wa Pietrafosca waliona mbwa asiachiwe kazi ile peke yake.

Basi wanabusu. Wote. Wanabusu wazee wasio na meno, ambao busu lao ni kama kunyonya chungwa. Wanabusu wanaume waliotoka kuvuta sigara, wanawake waliotoka kuonja mchuzi, watoto wenye kamasi mbili zinazoshindana kushuka. Na baada ya kila busu, mtu mmoja aliyesimama kulia kwa sanamu anafuta donda kwa kitambaa cha kitani, ili anayefuata akute pamekauka. Mtu huyo ni mkubwa wa ukoo wa Lapenna mwenye jina la Rocco. Imekuwa hivyo tangu babu wa babu zao, na hakuna anayejua nani alianzisha. Kama Rocco wetu angemjua, angekwenda makaburini kumtukana.

Sasa mjue na habari ya majina, maana bila hiyo hamtafika popote. Pale mzaliwa wa kwanza wa kiume hachaguliwi jina. Jina linamngoja kabla hajatungwa mimba: ni la babu yake mzaa baba. Rocco humzaa Donato, Donato humzaa Rocco, Rocco humzaa Donato, mpaka dunia iishe. Na kwa kuwa kila ndugu ana haki ile ile, babu mmoja huacha wajukuu chungu nzima wenye jina moja, wote wakiitana somo. Ndiyo maana mjini palikuwa na Rocco Mbuzi, mfuga mbuzi, binamu wa kinyozi wetu. Palikuwa na Rocco Redio, aliyekuwa hanyamazi. Na huyu wetu, mkubwa wao, aliitwa Rocco Kitambaa.

Alikichukia hicho kitambaa. Alichukia unyevu wake, jinsi kilivyokuwa kikavu na kigumu asubuhi na ilipofika adhuhuri kinateleza mkononi kama utumbo. Alichukia harufu: divai ya jana, kitunguu, dawa ya mafua, na juu yake manukato ya mke wa meya. Usiku wa siku ile hakuwa anakula, na mkewe Incoronata alishazoea kumwekea kipande cha mkate mkavu na kumwacha aunuse kwanza.

"Mwanamume mzima," Incoronata alikuwa akimwambia, "unashika vichwa vya watu vyenye mba mwaka mzima, siku moja ya mtakatifu inakushinda."

"Mba ni kavu," alijibu Rocco.

Na kweli, mwanamume yule aligawa dunia yote mafungu mawili, vikavu na vimajimaji, na vimajimaji vyote aliviona adui. Aliifuta glasi yake kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Alinyoa ndevu za wateja akiwa amegeuza pua pembeni, ndiyo maana wazee wengi wa Pietrafosca walikuwa na shavu la kushoto laini kuliko la kulia. Mteja akipiga chafya, kazi ilisimama mpaka hewa itulie.

Lakini kukiweka kitambaa chini hakuweza. Sheria ilikuwa moja: babu anastaafu siku jina lake linapofufuliwa. Mjukuu akizaliwa na kuitwa Rocco, babu anakabidhi kitambaa, na baba wa mtoto anakishika kwa niaba ya mwanawe mpaka mtoto aote ndevu. Bila mjukuu wa jina, unafuta mpaka siku wanayokufuta wewe. Naye mwanawe wa pekee, Donato, alikuwa amekwenda Torino kuunda magari, akaoa kwa kuchelewa, na kwa miaka mingi Incoronata alikuwa akimwashia mshumaa kila mtakatifu aliyekuwa na sikio.

Ndipo masika moja simu ikalia kwenye baa ya uwanjani, na mwenye baa akavuka barabara mbio na aproni yake kuja kumwita kinyozi. Alikuwa Donato: amepata mtoto wa kiume. Mzima. Watakuja Agosti, abatizwe siku ya mtakatifu.

Rocco alirudi dukani akiwa na wembe bado mkononi na mteja bado ana povu. Akakaa kwenye kiti cha kungojea. Mikono yake miwili akaiweka magotini, akaitazama kama mali iliyorudishwa na mahakama.

"Nitakula," alisema. "Mwaka huu tarehe kumi na sita usiku nitakula nyama."

Habari haikai pale Pietrafosca. Kabla povu la mteja halijakauka, duka lilishajaa. Rocco Mbuzi aliingia na harufu yake, akambusu binamu yake mashavu yote mawili, na Rocco akajifuta yote mawili kwa taulo ya duka.

"Somo! Jina limefufuka!"

"Halijafufuka. Halijatiwa maji."

"Litatiwa. Ah, jina letu, somo, jina la mwamba! Rocco maana yake mwamba. Chungulia nje uone, mji mzima umekaa juu ya jina letu."

Mfamasia Gerardo, ambaye ndiye alikuwa na povu, aligeuza kichwa. "Nani kakwambia ni mwamba?"

"Baba yangu."

"Baba yako alikuwa anasema mvua inatoka kwenye bomba la Naples. Ngome ya mwambani ni rocca, neno jingine kabisa. Linafanana na Rocco kama wewe unavyofanana na askofu."

"Mimi na askofu tunafanana tumbo."

"Jina hili si la Kirumi hata kidogo," alisema Gerardo, akiwa amefurahi kupata wasikilizaji waliobanana. "Limeletwa na Wagermani, wale wa ndevu ndefu walioshuka kutoka kaskazini wakatutawala. Katika lugha yao ya zamani maana yake, hapo wataalamu wanavutana mashati. Yupo anayesema linatokana na kupumzika. Yupo anayesema ni kunguru. Na yupo anayesema ni kupiga kelele, kunguruma kama mnyama."

"Kwa hiyo mimi ni Mgermani?" alisema Rocco Mbuzi, akijitazama kiooni, mfupi, mweusi wa jua, nyusi zimeungana.

"Wewe ni kelele."

Watu walicheka. Rocco hakucheka. Lile neno la kupumzika lilikuwa limemchoma. Tangu alipobeba jina lile, hakuna aliyepata kumwambia kwamba ndani yake palikuwa na kiti cha kukalia.

"Kunguru nakubali," alisema, akichukua tena wembe. "Anakula mizoga na wala haoni kinyaa. Babu yangu alikuwa kunguru kamili. Alikuwa anatumbua majipu ya watu hapa hapa, kwenye kiti hiki ulichokalia, Gerardo, kisha anapangusa kidole kwenye suruali na kwenda kula tambi."

Gerardo aliinuka kidogo kutoka kitini.

"Kaa, nishapaosha."

*

Walikuja kwa gari la Donato, lililotoka Torino likiwa jeupe na kufika likiwa na rangi ya biskuti. Alishuka Donato, akashuka mkewe Ornella na mtoto kifuani, na nyuma akashuka baba yake Ornella, Silvano, mstaafu wa reli, jitu la masharubu yaliyolowa jasho, aliyemkumbatia Rocco kabla Rocco hajapata mahali pa kukimbilia.

"Mkwe mwenzangu!" alinguruma Silvano. "Mlima gani huu! Tumbo langu limebaki kona ya tatu!"

Rocco aliyahisi masharubu yale shavuni kama sifongo la kuoshea vyombo. Akavumilia. Alikuwa na sababu ya kuvumilia watu wote.

Mtoto alikuwa amelala. Rocco alimchungulia. Alikuwa ameshajiandaa kuona kinyaa, maana vitoto ni vimajimaji tangu juu mpaka chini, huo ndio ukweli na akina mama mnisamehe. Lakini huyu alikuwa na kichwa kikavu chenye nywele chache kama za pichi, na mdomo mdogo, umefumbwa, safi, haujapata kugusa kitu chochote duniani isipokuwa maziwa. Rocco aliutazama ule mdomo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyotakiwa.

Hofu yake yote ilikuwa kwa Ornella. Mwalimu wa shule ya Torino, sketi mpaka chini, viatu vya kamba, mwanamke anayesoma gazeti mezani: huyo alitarajiwa kusema hataki jina la washamba. Incoronata alikuwa ameshajiandaa kwa vita. Alipopakua tambi kwa mchuzi wa kondoo, aliishika miiko yake kama bunduki.

"Kwa hiyo," alisema Incoronata, "kesho kutwa Rocco wetu mdogo anapata maji."

"Ndiyo, mama," alisema Ornella, macho yanang'aa. "Nalipenda mno. Rocco! Jina la watu wa kweli, la wachungaji, la wenye kazi. Kule kwetu kila mtu anamwita mwanawe jina la mwimbaji. Mimi nilimwambia Donato tangu mwanzo: ama Rocco, ama sizai."

Incoronata aliweka miiko chini. Alimwongeza mkwewe nyama.

"Na ile desturi ya sanamu," Ornella aliendelea, "Donato amenisimulia. Kwamba mtoto anapelekwa kwa mtakatifu kwanza, ndipo kwenye maji. Nzuri ajabu!"

"Anapelekwa wa mwisho," alisema Incoronata. "Baada ya mji mzima kupita. Ili apokee dua za wote kwa pamoja. Tunamshusha hivi, kichwa chini kidogo, mdomo wake unagusa donda, basi, ameshakuwa Rocco. Maji ni ya padri tu."

"Mdomo?" aliuliza Silvano, uma ukiwa hewani.

"Kidogo tu, mkwe. Anagusa."

"Wa mwisho?"

"Wa mwisho."

Silvano alimtazama Rocco. Rocco alitazama sahani yake. Mchuzi ulikuwa na mafuta yanayoelea, duara ndogo ndogo zinazokumbatiana, akaisukuma mbali.

Jioni ile ile, jua likiwa bado ukutani, Donato alimfuata baba yake dukani kujifunza kazi. Rocco alikuwa amekunja kitambaa cha kitani juu ya meza ya nyembe, kimefuliwa, kimepigwa pasi.

"Unafuta kutoka juu kwenda chini," alisema Rocco. "Usizungushe. Ukizungusha unapaka."

"Sawa, baba."

"Wazee wa Kitongoji cha Chini wanakuja na tumbaku mdomoni. Hao wape upande wa pindo."

"Sawa."

"Usivute pumzi kwa pua."

Donato alicheka. "Baba, mimi nafanya kazi kwenye karakana ya rangi. Mate ya kina bibi hayanitishi. Nitakuja kila Agosti, nafuta, narudi Torino. Wewe kapumzike."

Lile neno tena. Rocco alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, jambo ambalo hakuwa analifanya, akaegemeza kichwa. Utamu ulioje! Aliiona tarehe kumi na sita ya mwaka unaokuja: amevaa shati jeupe, amesimama nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mlango, penye upepo, mikono mifukoni, mikavu.

"Na mtoto," alisema, macho yamefumbwa. "Akikua."

"Akikua atazoea. Wewe hukuzoea?"

Rocco hakufumbua macho. Alikuwa na umri wa kuzoea kila kitu, na alikuwa amezoea njaa, amezoea theluji na ndoa. Lakini kile kitu kilichompanda kooni siku babu yake alipomshika kisogo na kumshindilia uso kwenye paja lile lenye utelezi, yeye akiwa bado na meno ya maziwa, kilikuwa bado kipo pale pale, hakikupungua hata kidogo.

"Nilizoea," alimwambia mwanawe. Uongo mkavu.

*

Tarehe kumi na sita kulipambazuka joto. Bendi ilipiga, fataki zililia, mbwa wote wa mji walikimbilia bondeni, isipokuwa yule wa mti. Kanisani mishumaa ilikuwa inajiyeyukia yenyewe. Rocco alisimama kulia kwa sanamu, mara ya mwisho, alijiambia, mara ya mwisho, na mstari ukaanza kuja.

Alikuja mke wa meya, akaacha rangi ya midomo. Futa. Alikuja mwenye baa, akaacha kahawa. Futa. Alikuja bibi kizee ambaye hakubusu bali alikaa pale, akilia, akiomba, akitiririka, mpaka Rocco akamgusa bega. Futa, futa. Wakaja waliorudi kutoka Ujerumani na Ubelgiji kwa likizo, wakabusu kwa kelele ili watu wajue wamerudi. Akaja Rocco Redio, akabusu huku anaongea.

Mpaka adhuhuri kitambaa hakikuwa kitambaa tena. Alikigeuza upande huu na ule, akatafuta kona kavu, hakuipata. Akalitazama donda. Lilikuwa linang'aa. Lilikuwa limepata uhai ambao fundi hakulipa. Lile tone la njano lilionekana kweli linashuka. Na hapo, baada ya maisha yake yote pale, ndipo alipokiona kitu ambacho kilikuwa mbele ya pua yake siku zote. Hakuwa anasafisha. Hakupata kusafisha hata mara moja. Alichokuwa anafanya ni kuchukua mate ya huyu na kumpakia yule, kwa heshima, kwa kitani kilichopigwa pasi. Mbwa alikuwa na afadhali. Mbwa alilamba mtu mmoja.

Alikikunja kitambaa upya.

"Nipishe, somo," ilisema sauti. Alikuwa Rocco Mbuzi, wa mwisho kwenye mstari, amechana nywele kwa maji, shati limefungwa mpaka shingoni. Kwenye pembe ya mdomo wake palikuwa na kipele cha homa, kikubwa, kimepasuka, kinatoa maji.

"Mdomo wako una nini?" Rocco alinong'ona.

"Hiki? Joto tu. Ndiyo nimemletea mtakatifu, yeye ndiye daktari wa vidonda." Na kabla Rocco hajasema neno, akainama, akabusu donda kwa kidonda, akakibandika hasa, akakizungusha ili dawa iingie. Aliposimama, uzi mwembamba wa ute ulimfuata kutoka pajani mpaka kidevuni, ukarefuka, ukakatika.

Watu wakaanza kupiga makofi. Hawakumpigia Mbuzi. Nyuma yake, kati ya mishumaa, alikuwa anakuja Ornella na gauni la maua, na mikononi mtoto mwenye nguo ndefu nyeupe iliyofumwa na Incoronata. Donato alikuwa pembeni, amenyoosha mkono apokee kitambaa. Padri Egidio alikuwa ameshafungua kitabu kwenye birika la ubatizo. Incoronata alikuwa analia vizuri, kwa mpango.

Rocco alifuta. Juu kwenda chini. Kitambaa kiliteleza, kikaacha njia ya unyevu kama ya konokono. Akafuta tena. Ilikuwa ile ile.

Ornella alisimama mbele ya sanamu, akamgeuza mtoto kifudifudi, kichwa chini kidogo, kama alivyofundishwa. Mtoto alipiga miayo. Ule mdomo mdogo mkavu ulifunguka wote, waridi mpaka ndani, ukielekea kule.

Rocco alidondosha kitambaa, akalifunika donda kwa kiganja chake.

Kiganja kitupu. Yeye, aliyekuwa anafuta glasi mara mbili. Alihisi yote chini ya mkono wake, uvuguvugu, ulaini, mji mzima umejikusanya kati ya vidole vyake, na nywele zote za mwili zikamsimama, na hakuutoa.

"Baba," alisema Donato taratibu. "Toa mkono."

"Sitoi."

"Baba Donato!" Incoronata alisema kwa meno yaliyofungwa. "Watu wanatazama."

"Watazame."

"Somo, umepagawa?" alisema Rocco Mbuzi, akijipangusa mdomo kwa mkono wa shati. "Huyo ni somo yetu anazaliwa hapo!"

"Wewe nyamaza na hicho kipele chako. Huyu hazaliwi hapa. Alishazaliwa kule Torino, hospitalini, kwenye shuka safi."

Kule Pietrafosca mwana akikataa jina la baba yake, watu humwelewa: mkorofi, mtoto wa mjini, kaolewa na mkewe. Lakini babu kuzuia jina lake mwenyewe lisifufuliwe, hilo halikuwa na jina. Ni kama mtu kuzima moto wa jiko lake na kukaa gizani kwa hiari. Wazee wa mbele walianza kufanya ishara ya msalaba.

"Kama hagusi, hawi Rocco," alisema Incoronata, na sasa kilio chake hakikuwa cha mpango. "Unajua hilo? Na kama hawi Rocco, hicho kitambaa unakufa nacho. Unajua?"

"Najua."

"Ulikuwa unangoja kukiacha tangu uliponioa!"

"Najua, Incoronata. Usinihesabie."

Ornella alikuwa bado ameinama, mtoto mikononi. Alikuwa karibu kuliko wote. Kutoka pale alipokuwa, aliona vizuri kilichokuwa kinajichuja katikati ya vidole vya baba mkwe wake na kuteremka pajani mwa mtakatifu. Aliutazama mdomo wa Rocco Mbuzi. Kisha akanyooka polepole, akamrudisha mtoto begani, akamfunika kichwa kwa kiganja. Habari ya watu wa kweli hakuisema tena.

Padri Egidio, ambaye kwa maoni yangu alikuwa akiisubiri siku hiyo kwa hamu na hakuwa na ujasiri wa kuileta, alikohoa kwenye birika lake. "Mleteni huku, basi. Maji yanapoa."

"Ni Agosti, padri," alisema mtu.

"Mleteni."

Walimpeleka. Donato alikwenda nyuma yao bila kumtazama baba yake, shingo imekuwa nyekundu. Padri akauliza, mtoto huyu mnampa jina gani? Donato alifumba mdomo.

"Silvano," alisema Ornella.

Jitu la reli lililia kwa sauti ya filimbi. Lilikuwa limekuja pale kama mgeni, kula na kushangaa, na sasa limepewa mjukuu mzima, jina na vyote. Liliwasukuma watu, likavuka kanisa kwa hatua ndefu, likamkamata Rocco, likambusu shavu la kulia, likambusu la kushoto, likakosea njia likambusu karibu na mdomo, masharubu yote yamelowa machozi, jasho na kile cha puani.

"Mkwe mwenzangu! Ndugu yangu! Sikuomba, Mungu shahidi, sikuomba!"

"Toka," alisema Rocco kwa shida. "Toka, Silvano. Nakuomba. Nitatapika."

Alitapika kweli, nyuma ya nguzo, kwa adabu, ndani ya ndoo ya maua. Alinawa mikono sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare, kwa maji na sabuni ya padri mpaka sabuni ikabaki kama ukucha. Aliporudi, familia ilikuwa imeshatoka uwanjani, na aliisikia sauti ya Incoronata kupitia mlangoni ikimweleza kila mmoja ni mwanamume wa namna gani aliyemwoa. Karamu ilikuwa inaanza. Harufu ya nyama ya kuchoma iliingia mpaka altareni, na hakuitamani.

Kitambaa kilikuwa sakafuni, mahali kilipodondoka. Donato hakukiokota. Hakuna aliyekiokota.

Rocco alisikia lori linahema nje. Walikuwa watu wa Kitongoji cha Chini, wenye tumbaku, wamechelewa kama kila mwaka. Waliingia kwa kelele za viatu, wakavua kofia, wakajipanga. Basi akainama, akakichukua kitambaa kwa ncha za vidole viwili, akakikamulia kwenye ndoo ile ile, akasimama kulia kwa sanamu.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mfupi, hana jino hata la kusingiziwa, midomo imeshachongoka kutoka mlangoni.

"Nasikia umepata mjukuu, Rocco," alisema. "Hongera. Mmempa jina gani?"

"Silvano."

"Silvano? Jina gani hilo?"

"Jina kavu, bibi. Busu, upite."